Kompyuta Yangu, Biashara Yako

Walianza kwa kugombana, na siku hiyo kila mmoja alikuwa na sababu ya kukasirika.

Ilikuwa siku ya kusajili wanafunzi wapya. Ukumbi wa chuo ulikuwa umefurika hadi milangoni, mapanka ya darini yamegoma, na watu wanajipepea kwa bahasha zilizobeba vyeti vyao. Ukutani kulikuwa na ubao unaoeleza nani aende dirisha lipi. Msichana mmoja mwembamba, aliyevaa gauni la kijani alilolipiga pasi kwa ghadhabu asubuhi ile, alikuwa amesukumwa na kukanyagwa mpaka akaufikia ubao. Mara kijana mmoja mrefu kupita kiasi, mwenye shati la michirizi lililomwishia juu ya kiuno, akaja akasimama mbele yake wima kama nguzo ya umeme.

Msichana alimgonga mgongoni kwa kidole. Kijana akageuka, akatazama usawa wake, hakuona mtu, kisha akateremsha macho. Kule kuteremsha macho ndiko kulikomuudhi msichana kuliko yote.

"Samahani dada. Sikukuona."

"Ungenionaje na wewe uko huko juu? Ngazi huegemezwa ukutani, kaka. Haisimamishwi katikati ya watu."

Waliosikia waliangua kicheko. Kijana naye akacheka, akasogea pembeni, akajitolea kumsomea maelezo. Msichana akamjibu kwamba kusoma anajua, kilichomshinda ni kuona kupitia mgongo wa mtu. Hata hivyo walisoma pamoja, na wakagundua wanakwenda dirisha moja. Wanafunzi wa Kompyuta na wa Biashara wangesoma pamoja mwaka wa kwanza, na mwisho wa mwaka ndipo kila mtu angechagua njia yake.

"Wewe utachagua ipi?" kijana akauliza.

"Kompyuta."

"Mbona umesema kama unamtukana mtu?"

Msichana alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya upole, na alikuwa ameuliza kwa kutaka kujua kweli. "Kuna mtu namtukana," akasema, "ila hayupo hapa."

Jina la Ngazi lilimganda kijana yule siku hiyo hiyo, na hata wahadhiri wakalizoea. Msichana yeye alikuja na lake kutoka nyumbani. Shangazi yake alimwita Siafu tangu angali mdogo, kwa kuwa alipokanyagwa hakulia, aliuma.

Aliyekuwa akitukanwa ni baba. Alikuwa na duka la rangi kwenye barabara yenye shughuli nyingi, makopo yamepangwa mpaka darini, na kizingiti cha mlango kimedondokewa na kila rangi iliyowahi kuuzwa humo. Alianza kama mpaka rangi, akining'inia kwenye kuta za watu na ndoo kiunoni, na duka lile alilipata kwa jasho lake. Siafu alipokuwa shule ya msingi, baba alipanda juu ya kiti akaandika mbele ya duka, kwa mkono wake mwenyewe: Rangi za Baba na Binti. Wakati ule Siafu aliwaleta wenzake wa shule waje wasome. Sasa alikuwa akipita chini ya maandishi yale huku ameinamisha kichwa.

Baba hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali, mtu angejua pa kusukuma. Alikuwa mtu wa kutabasamu na kuendelea na alilokuwa ameamua. Siafu akimwambia anapenda kompyuta, baba anasema ni vizuri, atazitumia dukani. Akimwambia hataki duka, baba anacheka, anasema hata yeye alipokuwa kijana alitaka kuwa mcheza mpira. Siafu alikuwa akitoka kwenye mazungumzo hayo kama mtu aliyepiga ukuta wa pamba. Mwaka wa kwanza wa pamoja aliushukuru kwa sababu hiyo tu, ulimwahirishia vita.

Na mwaka ule ulimpa Ngazi.

Walizoeana katika chumba cha kompyuta, chumba cha baridi chenye mashine kuukuu zinazonguruma. Siafu aliyekosa subira kwa kila kiumbe alikuwa na subira ya ajabu kwa programu iliyokataa kufanya kazi. Angekaa mbele ya skrini mchana kutwa akiwinda kosa moja, mstari kwa mstari, bila kupandisha sauti. Ngazi alikuwa tofauti. Yeye aliandika haraka na kwa unadhifu, akielezea kwa mikono yake mirefu mpaka waliokaa jirani wanainama kuikwepa. Mama yake alikuwa muuguzi, na tangu utotoni alikuwa amemsikia akirudi nyumbani na kulalamika juu ya wagonjwa wanaopotezana kwenye foleni, wa mwanzo anaonwa wa mwisho. Ngazi alitaka kuunda programu ya kuwapanga wale wagonjwa. Alipoizungumzia uso wake ulibadilika, na Siafu alimpenda kwa uso ule kabla hajampenda kwa kingine chochote.

Jioni walipigiana simu. Siafu alikuwa akifika nyumbani, anakorofishana na baba, anajifungia chumbani na kupiga.

"Umekula?" Ngazi anauliza.

"Nimekula hasira."

"Zilikuwa na chumvi?"

"Mno."

"Basi kunywa maji, mkuu wa majeshi, halafu unisimulie mpenzi wako vita vya leo."

Na Siafu anasimulia, anacheka katikati bila kutaka. Waliahidiana kwamba mwaka wa pili wataingia darasa moja la kompyuta, kiti kwa kiti, na ile programu ya wagonjwa wataiunda wawili.

Alimpeleka dukani. Ngazi aliwaamkia baba na shangazi shikamoo, akavua saa, akaanza kuteremsha makopo ya juu bila kupanda popote. Shangazi, aliyekaa kwenye kaunta akipokea wateja, alimwambia Siafu kwa sauti ambayo duka zima liliisikia kwamba huyu asiachiwe, atawapunguzia gharama. Baba alimpenda. Akawa anauliza habari zake, anamwita aje kumsaidia kupanga mzigo. Siafu aliwaona wamekaa nyuma ya duka wakizungumza taratibu, akadhani ni habari za mpira, akafurahi.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilipokwisha, alikata shauri. Alimkuta baba kwenye mashine ya kuchanganyia rangi, akamwomba aizime. Akasema yote. Alieleza anavyojisikia programu inapokubali baada ya kuisumbukia, kwamba hajawahi kujisikia hivyo mahali pengine, na kwamba hawezi kusoma biashara kwa ajili ya maandishi yaliyo juu ya mlango. Alikuwa amejiandaa kwa ule ukuta wa pamba. Lakini baba alifuta mikono kwa kitambaa, akakohoa kidogo, akasema, "Sawa, mama. Chukua hiyo kompyuta yako."

Siafu alitoka dukani akaanza kukimbia bila kujua anakwenda wapi. Alisimama mbele ya duka la viatu, akampigia Ngazi.

"Amekubali. Nimemwambia yote na amekubali. Umesikia? Amenisikiliza mpaka mwisho."

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. Kisha Ngazi akasema, kwa sauti ya chini, "Hongera, mpenzi wangu. Unastahili." Siafu alikuwa akirukaruka njiani, hakuusikiliza ule ukimya.

Likizo yote alitembea kama aliyeshinda kesi.

Siku ya kwanza ya mwaka wa pili alivaa gauni jipya la rangi ya machungwa, akafika mapema, akaweka mkoba wake juu ya kiti cha pembeni. Darasa likajaa. Mhadhiri akaingia, akaanza. Watu wawili waliomba kile kiti na Siafu akawaambia kina mwenyewe. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Wakati wa mapumziko alisimama dirishani, ghorofa ya pili, akitazama uwanjani, ndipo alipomwona. Hata kwa mbali asingeweza kukosea urefu ule. Ngazi alikuwa akivuka uwanja katikati ya wanafunzi wa biashara, amevaa shati jeupe na tai nyekundu, amekumbatia vitabu vinene.

Msichana aliyekaa kiti cha mbele alifuata macho yake. Kwa wema wote alimwambia kwamba alidhani anajua. Ngazi alijiandikisha biashara tangu likizo. Watu walikuwa wakimtania kwamba ameshapata duka la mkwe, sasa anasomea kulilinda.

Siafu alishuka ngazi zile za zege bila kuzihisi miguuni. Alimkuta karibu na chumba cha kutolea nakala, watu wamepanga mstari na karatasi zao.

"Hiyo tai umefungwa na nani?"

Ngazi alipauka. Akamwomba waongee pembeni.

"Tutaongea hapa hapa. Ya pembeni nimeshaelezwa, inatosha."

"Nilikuwa nitakuambia leo."

"Uniambie nini? Kwamba umepata duka?" Sauti yake haikupanda, ilikuwa imeshuka, na waliomjua walijua hiyo ni mbaya zaidi. "Mwaka mzima nimekaa nikidhani unanipenda. Kumbe ulipenda makopo. Mimi nilikuwa mlango tu, wa kupitia."

Hapo Ngazi naye akakasirika. Siafu hakuwa amewahi kumwona hivyo. Aliivuta ile tai mpaka ikalegea. "Duka? Mimi na duka? Ile harufu inaniumiza kichwa siku nzima nikitoka pale. Hujui hata unachosema."

"Basi nieleze."

Akamweleza. Baba alimwita kabla ya mitihani. Alimwambia kifua chake kimechoka, daktari amemkataza kukaa na mvuke wa rangi, na hataki binti yake ajue. Alisema hawezi kuliacha duka mikononi mwa mgeni. Na kwa kuwa anaona vijana hawa watakuja kuoana, basi mmoja wao asome biashara ashike duka, na mwingine asome apendacho. Kama si binti, awe mkwe.

"Nikamwambia basi mimi," Ngazi akasema. "Wewe uende kompyuta."

Siafu alimkazia macho. Watu wenye karatasi nao walikuwa wamegeuka kuwatazama.

"Ukamwambia basi mimi," akarudia polepole. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unajiandaa na mtihani. Sikutaka kukusumbua."

Siafu alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha hata chembe. "Siku ile nilipokupigia simu kutoka barabarani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nirukeruke."

"Ulikuwa na furaha. Nilidhani ukipata unachotaka, basi..."

"Mimi sikutaka kupewa." Hapo sasa sauti ilipasuka. "Nilitaka baba yangu anisikie. Mara moja tu, katika maisha yangu yote, anisikie. Nikadhani amenisikia. Kumbe nilipokuwa naongea alikuwa ameshalipwa. Na aliyemlipa ni wewe. Mlikaa nyuma ya duka mkapanga nitasoma nini na nitaolewa na nani. Umenichumbia kwa baba yangu, Ngazi, na mimi mwenyewe hujaniuliza."

"Nilikupa kitu nilichokipenda kuliko vyote," Ngazi akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Hilo hulioni?"

"Naliona. Ndiyo maana siwezi kukusamehe. Ungenipa usichokitaka ningekusamehe. Sasa kila nikifungua kompyuta nitajua nimekalia kiti chako."

Akampa kisogo. Njiani akazima simu.

Dukani kulikuwa na mteja mmoja akichagua buluu ya chumba cha kulala. Shangazi alipomwona Siafu anaingia, alimwambia mteja yule kwa adabu aende na kipande cha sampuli, akajaribu ukutani kwake, arudi kesho. Baba alikuwa akikoroga kopo. Aliuliza masomo yameanzaje.

"Yameanza na kiti kitupu," Siafu akasema.

Kijiti cha kukorogea kilisimama. Baba hakuinua macho, na kwa kutoinua kwake macho Siafu akapata uhakika kwamba kila neno lilikuwa kweli.

Alimuuliza ni kwa nini. Baba akaanza kwa lile tabasamu lake, akasema kila mtu amepata kitu, Siafu amepata kompyuta, duka limepata kijana mwerevu, na nyumba imepata amani. Hakuona aliyeonewa. Duka hili limemlisha tangu azaliwe, akasema, na lisingeweza kuachwa life.

"Limenilisha, baba. Halijaninunua."

Tabasamu likaondoka. Baba akaweka kijiti chini kwa nguvu, rangi ikaruka mpaka kwenye shati lake. Alisema hakuna aliyemnunua mtu, na ajihadhari na maneno anayomwambia mzazi wake. Alitaka kuendelea lakini kikohozi kikamkamata, kikohozi kirefu cha kuinamisha mgongo. Alishika ukingo wa meza, mishipa ikamtoka shingoni. Hasira ya Siafu iliyumba. Alikwenda akamshika bega mpaka kikapita.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Ningekuambia, ungesoma biashara kwa kunionea huruma. Sikutaka huruma."

"Ukaona huruma uichukue kwa Ngazi."

"Alikubali mwenyewe."

"Anakupenda wewe, ananipenda mimi, angekataaje? Ungeweza kuajiri meneja, baba. Watu wapo. Lakini huyo ni mgeni, duka lako hapewi mgeni. Basi ukaona umpe mgeni binti, asiwe mgeni tena."

Hapo droo ya kaunta ikafungwa kwa kishindo, wote wawili wakashtuka. Shangazi alikuwa amesimama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mcheshi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona amekasirika.

"Mimi naomba kuuliza," akasema. "Nani anayeagiza mzigo humu ndani? Nani anayegombana na madereva? Mwaka ule ulipolazwa hospitali na malaria, duka lilifungwa?"

"Halikufungwa," baba akasema kwa mashaka.

"Halikufungwa. Nimekaa kwenye kiti hiki huyu mtoto hajaanza kutambaa. Leo nasikia mnatafuta mtu wa kushika duka. Mmemtafuta kwa mtoto asiyelitaka, mmekwenda kumtafuta kwa mtoto wa watu ambaye harufu inamtia kipandauso, nimemwona kwa macho yangu akitoka nje kushika kichwa. Mimi niko hapa, hatua chache kutoka kwenu, na hakuna aliyegeuza shingo."

"Lakini wewe ni dada yangu," baba akasema, kama anayejitetea.

"Ndiyo. Ndiyo maana hujawahi kuniona."

Baba aliketi juu ya kopo lililopinduliwa. Alimtazama dada yake, kisha binti yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta kuna vyumba asivyovijua. Shangazi alivaa miwani, akamgeukia Siafu, na bado alikuwa na ghadhabu.

"Hicho chuo chenu kina masomo ya jioni?"

"Yapo, shangazi."

"Ya biashara?"

"Ya biashara yapo."

"Wanachukua watu wazima, au mpaka uwe na kiuno kama cha kwako?"

Siafu alicheka na kulia kwa pamoja. Baba hakucheka. Alisugua tone la rangi kwenye shati lake, mpaka likatanda likawa doa kubwa. Mwishowe akasema, bila kumtazama mtu, "Siku ile uliyonizimisha mashine. Yale uliyoniambia, niambie tena. Siku ile sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimeshajua jibu."

Siafu akamwambia hana nguvu leo, atakuja kesho. Na kesho yake alikuja, akaketi mbele yake akaanza upya, na baba aliuliza maswali, mengine ya kijinga, na hakutabasamu hata mara moja. Siafu hakuomba zaidi ya hapo.

Lakini Ngazi, Siafu hakumpigia. Simu yake ilipoita aliitazama ikiita mpaka ikachoka. Ujumbe aliusoma, hakujibu. Alisikia habari zake kwa vipande. Ngazi alikwenda kwa baba akamwambia hawezi kutimiza alichoahidi, na baba akamjibu kwamba lile jambo limekwisha, akamwomba radhi. Alikwenda kwa msajili kuomba arudishwe kompyuta, akaambiwa mlango umefungwa hadi mwaka unaofuata. Angeweza kuendelea na biashara, wengi wangeendelea. Ngazi alirudisha vitabu maktaba akatoka chuoni, aungoje mwaka unaofuata.

Siafu aliposikia hilo alikasirika upya. Alimkasirikia kwa kupoteza mwaka, akajikasirikia kwa kumkumbuka. Darasani alikaa peke yake, akafanya vizuri, na kila aliposifiwa alitaka kumpiga mtu.

Ndipo siku moja simu ikaita kwa namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Siafu?" Sauti ya mwanamke, kavu, yenye haraka. "Mimi ni mama yake Ngazi."

Siafu akaamkia. Mama akaitikia marahaba, akaendelea pale pale.

"Sikupigii kumwombea msamaha. Ana mdomo, aombe mwenyewe. Alikosea, nimemwambia, na wewe kumnyamazia hivi pia si vizuri, nakuambia na wewe. Nimepiga kujua kama utakuja au huji. Kila simu ikilia anakurupuka anajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Mimi kazini nafunga watu bandeji, nyumbani nafunga bandeji. Nimechoka."

"Yuko wapi sasa, mama?"

Alikuwa katika kijiduka cha kutengeneza kompyuta, nyuma ya kituo cha mabasi. Siafu alikwenda mchana, jua limewaka. Kilikuwa chumba chembamba, mashine zimefunguliwa matumbo mezani, nyaya zinaning'inia kila mahali, na hewa ina harufu ya risasi ya kulehemu. Ngazi alikuwa ameinama, fulana imepauka, kuna plasta ndogo juu ya nyusi. Alipomwona alinyanyuka haraka, na Siafu akaweka mkono hewani kumzuia asijigonge kwenye rafu.

"Kaa," akasema. "Kaa tu."

Akakaa. Walitazamana. Ngazi akasema alikuwa amejiandalia maneno mengi, na yote yamemtoka.

"Sema yaliyobaki."

"Nilikosea kukuficha."

"Ulikosea na kunipa. Hukuwa na haki ya kunipa."

"Nilikosea na kukupa." Akaweka bisibisi mezani. "Nilijiona shujaa, Siafu. Ule usiku nilipokubali nililala nikijisifu. Sikufikiria hata kidogo kwamba nimefanya lile lile analolifanya baba yako. Wewe uliponiambia ndipo nikaona, na nikakuchukia kwa siku mbili hivi kwa sababu umesema kweli."

Siafu alipenda kwamba alikuwa amemchukia. Lilikuwa jambo la ukweli, lisilo na sukari. "Na mwaka umeupoteza," akasema. "Kwa hilo pia nina hasira. Ungeniuliza, ningekuambia usiache."

"Biashara sikuiacha kwa ajili yako. Niliiacha kwa sababu nataka kompyuta. Tangu mwanzo nilitaka kompyuta." Kisha akamtazama. "Na wewe unataka nini? Si baba, si chuo. Wewe."

Maisha yake yote Siafu alijua asichotaka. Alilijua barabara, angeweza kulisema hata akiwa usingizini. Hili la kuulizwa na mtu akanyamaza akingoja lilimshinda. Akavuta kigoda akaketi.

"Nataka unipigie simu jioni," akasema mwishowe. "Nataka ukiniona nazama, uniulize kwanza kama nataka kuokolewa. Nataka uwe mwaka mmoja nyuma yangu uje uniazime madaftari, nikuringie. Mengine sijui bado."

Ngazi alitabasamu, kisha akawa mtu wa mashaka, akifuta mikono kwenye suruali. "Kuna swali ambalo nilipaswa kukuuliza wewe kabla ya mtu yeyote."

"Usiniulize leo. Leo bado nimekasirika."

"Zitaisha lini, hizo hasira?"

"Labda haziishi. Labda ndivyo nilivyo."

"Basi nitauliza hivyo hivyo, zikiwepo."

Siafu alitazama pembeni, kwenye mashine iliyofunguka mezani, ili Ngazi asione anavyotaka kucheka. "Niulize ukishasajiliwa," akasema. "Na uniulize mimi. Si baba yangu, si shangazi, wala usimtume mama yako, yule mwanamke namwogopa."

"Hata mimi namwogopa."

"Hii ina nini?"

"Inawaka halafu inajizima. Nimekaa nayo tangu asubuhi."

"Sogea nione."

Ngazi alisogea, lakini chumba kilikuwa chembamba na yeye alikuwa mtu wa miguu mirefu, kwa hiyo hakwenda mbali. Waliinama wote wawili juu ya ile mashine. Hasira zilikuwepo bado, Siafu alizisikia kifuani, zimekaa mahali pake kama kawaida. Bega lake lilikuwa limegusana na bega la Ngazi, na hakuliondoa.